Chumba cha Mama Msimu wa Majani

East Tunley, Vermont
Jumapili, 19 Agosti 1984

Mdogo wangu Marjorie,

Amani ya Bwana ikufikie huko jangwani, wewe na shemeji Clifton. Sisi huku tu wazima kwa rehema zake, ukiacha goti la Wendell, ambalo siku hizi limekuwa nabii: likimuuma jioni, kesho yake nguo hazianikwi. Nyanya zimezaa hadi tunagawa kwa majirani, nao wanatugawia za kwao. Karamu ya kuku ya kanisa ilijaa watu. Mchungaji Hodgdon alipakua mara tatu, akasema anafanya hivyo ili akina mama wasijisikie vibaya.

Habari ya Mama. Tangu ile siku ya Julai alipoanguka ukumbini hajawa yule tunayemjua. Daktari Amsden amekuja mara mbili. Anasema moyo umechoka, si wa kutibiwa tena, ni wa kutunzwa tu. Miguu inavimba, chakula anakigusagusa. Mdomo lakini haujachoka. Jana nilimpelekea chapati za maji akaigeuza moja kwa uma, akaniuliza: "Eunice, hii umempikia mtu au unataka kuzibia paa?"

Sasa nikwambie jambo lenyewe, maana sipendi ulisikie kwa mwingine. Unajua msimu wa majani unavyokuwa katika nyumba hii. Kuanzia katikati ya Septemba hadi Oktoba iishe, hakuna kitanda kilicho chetu, vyote vinalipiwa na wageni wanaokuja kutazama majani yakigeuka rangi. Mimi na wewe tulilala ghalani juu ya majani makavu kila Oktoba mpaka pua zinageuka nyekundu, na tulikuwa tunaona ni kawaida. Mama naye, tangu Baba alipofariki, kila mwaka ameacha chumba cha mbele akapanda kile kidogo kilicho juu ya jiko. Basi na mwaka huu itakuwa vivyo hivyo. Kule juu kuna joto, lile tundu la wavu sakafuni linapandisha moto wa jiko moja kwa moja, na mimi nitakuwa chini yake kutwa nzima. Akiita nasikia.

Miaka yote alikuwa anabeba mto wake mwenyewe kabla hata hujamwambia. Safari hii alikaa kitandani, akanitazama, akauliza: "Mpaka lini?"

Nikamwambia, mpaka majani yaishe, Mama.

Utuombee.

Dada yako,
Eunice

*

Yuma, Arizona
2 Septemba 1984

Dada Eunice,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji Wendell na goti lake. Hapa joto limekataa kuondoka. Mlango wa gari ukiushika mchana unaacha ngozi. Nyumbani tu wazima, isipokuwa Clifton. Ule uvimbe wa tumboni wamekubaliana kuutoa, na siku imeshapangwa: Jumanne tarehe 9 Oktoba. Yeye anafanya utani, anamwambia daktari amtolee na mafuta ya ziada hapo hapo. Mimi sicheki. Mtaje kwenye maombi ya Jumatano, kwa jina.

Nimesoma barua yako mara mbili, nikaiweka, nikaenda kuosha vyombo, nikarudi kuisoma tena.

Dada, muache Mama chumbani kwake. Najua desturi ya nyumba, nimekulia humo. Lakini miaka yote hiyo alikuwa mzima, akipanda ngazi na kushuka na mtungi mikononi. Sasa ni mgonjwa. Chumba cha mbele ndimo alimotuzaa. Pale dirishani ndipo anapoiona ile miti saba ya utomvu wa sukari aliyoipanda Babu, na wewe mwenyewe unajua kwamba huenda hii ndiyo Oktoba yake ya mwisho. Watu wanatoka New Jersey kuja kuyatazama majani hayo. Yeye ni mwenye majani.

Kule juu ya jiko dirisha linatazama paa la banda la kuni. Na sitaki kusema mengine kuhusu chumba kile. Unajua nani mwingine alilazwa humo.

Ikiwa huwezi kunikubalia hilo, nikubalie hili: akizidiwa nipigie simu. Saa yoyote. Najua simu ni ya wageni, najua ipo ukumbini na kila mtu anasikia. Nipigie. Sanduku langu nimeshalipanga, liko nyuma ya mlango. Ninaweza kupanda ndege siku hiyo hiyo, nikamwona, nikarudi kabla ya Jumanne ya Clifton.

Mbusu Mama kwenye paji la uso, mwambie ni mimi.

Marjorie

*

East Tunley
Jumapili, 16 Septemba

Mdogo wangu,

Bwana ni mwema, nakuandikia huku mkate ukiwa ndani ya jiko. Clifton tumemtaja Jumatano, na Mchungaji ameliandika jina lake kwenye kitabu. Wendell amepanga kuni zote za msimu. Ule mti wa kwanza karibu na barabara umeshaanza kuwaka juu kabisa, kama umevaa kofia.

Mama tumemhamisha jana. Wendell alimbeba mikononi. Alipofika kwenye ngazi Mama alimwambia, "Polepole, kijana, mara ya mwisho kubebwa hivi nilikuwa na gauni jeupe." Tukacheka wote watatu, yeye zaidi yetu.

Nimekuelewa ulichoandika, usidhani sina moyo. Lakini kina Kessler wa New Jersey wamekuja chumba kile mwaka wa sita huu. Jumatatu ya sikukuu ya Oktoba, kabla hawajaondoka, wanaandika majina yao kwenye daftari la mwaka unaofuata, na mimi nawaambia karibuni tena. Nimeshasema. Mama ndiye aliyetufundisha kwamba aliyeandikwa kwenye daftari ameandikwa. Angekuwa na nguvu angenikasirikia mimi kwa kuwaza vingine. Wewe umekaa mbali miaka thelathini, umesahau Mama ni mtu wa namna gani.

Na usidhani amekuwa mfungwa kule juu. Anaendesha jiko zima kupitia lile tundu. Leo asubuhi nasikia sauti inatoka darini: "Eunice! Bekoni inaungua!" Nageuka, kweli inaungua. Mgeni mmoja, mwanamke mpole wa Connecticut, akauliza mezani, "Nani huyo anayezungumza?" Nikamwambia ni redio.

Mama alisikia. Baadaye aliniambia, "Redio gani isiyozimika?" Lakini alikuwa anatabasamu.

Kuhusu simu, nitakupigia. Nakuahidi mbele za Bwana.

Eunice

*

Yuma
25 Septemba

Dada Eunice,

Salamu. Clifton hajambo, anakula supu.

Leo nimepata barua kutoka kwa Mama. Sijui kama unajua ameiandika. Ni ya penseli, nyuma ya karatasi ya kalenda, na anwani imeandikwa na Wendell. Ina mistari mitatu. Nakunakilia:

"Binti yangu, sijambo. Huku ninaona paa tu. Je, majani yamefikia rangi gani?"

Ananiuliza mimi, Eunice. Mimi niliye jangwani.

Marjorie

*

East Tunley
Jumapili, 14 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu Marjorie,

Mfariji wetu akukumbatie. Tangu nilipokupigia simu Jumatatu ile sijaweza kushika kalamu. Tunamshukuru Mungu kusikia kwamba Clifton ametoka salama chumba cha upasuaji. Nilijua usingeweza kumwacha Jumatatu jioni na upasuaji ukiwa Jumanne asubuhi, na hakuna hata mtu mmoja huku aliyekunyooshea kidole.

Mazishi yalikuwa Jumatano. Ilibidi iwe Jumatano, kwa kuwa Ijumaa wageni wengine walikuwa wanaingia. Kanisa lilijaa. Mchungaji alisema kwamba hakuna aliyewahi kuingia mlangoni kwa Adelaide Pettengill akatoka na njaa. Kwaya iliimba zile mbili alizozipenda. Tumemlaza karibu na Baba. Jina lake na mwaka wake wa kuzaliwa vilikuwa vimeshachongwa tangu Baba alipofariki, unakumbuka, imebaki kuongeza tarehe tu, na hiyo watachonga barafu ikishatoka ardhini.

Alienda kwa utulivu, Marjorie. Nilikuwa nimempelekea chai Jumatatu asubuhi, baada ya wageni kuondoka, nikamkuta amepumzika. Alikuwa ameniambia siku za nyuma: "Usiniharibie kifungua kinywa cha watu." Unajua alivyokuwa. Hata kufa alitaka afe kwa adabu.

Kitu kimoja kinanisumbua. Laiti angaliiona theluji ya Jumapili ile ya tarehe 7! Ilianguka tukitoka kanisani, nyepesi kama unga, juu ya majani mekundu. Miaka yangu hamsini na sita sijaona kitu kama kile. Wageni walitoka mbio na kamera zao, wengine na soksi tu. Nilisimama pale uani nikasema moyoni, Mama angaliipenda hii.

Nimekuwekea bruchi yake, ile pini ya kifuani, na Biblia yake ndogo.

Dada yako anayekupenda,
Eunice

*

Yuma
30 Oktoba

Dada Eunice,

Clifton yuko nyumbani, anatembea hadi kwenye sanduku la barua na kurudi, ananung'unika njia nzima. Nakushukuru kwa kumwombea.

Nimeisoma barua yako kwa Clifton kwa sauti. Nilipofika kwenye theluji, yeye akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akatazama nje.

Mtu aliyekufa Jumatatu, kwa nini asiione theluji ya Jumapili?

Usiniambie dirisha lake lilitazama paa la banda. Theluji huanguka hata juu ya paa. Na usiniambie alikuwa amelala, kwa sababu tangu nizaliwe sijamwona Mama akilala wakati watu wanapiga kelele uani. Na kitu kingine: Jumapili wewe na Wendell mlikwenda ibada wote wawili. Mgonjwa wa moyo mlimwacha na nani?

Sikuulizi kwa hasira. Nakuuliza kama mtoto wake. Mama alikufa siku gani?

Marjorie

*

East Tunley
18 Novemba

Mdogo wangu Marjorie,

Nakusalimu kwa upendo. Miti yote imebaki mitupu na nyumba imekuwa kimya, unasikia hata saa ya ukutani. Wendell ameanza kuziba nyufa za madirisha. Bata mzinga wa sikukuu tumeshaagiza kwa jirani yetu, mdogo tu, tuko wawili. Fundi wa mawe kutoka mji wa Barre amesema atakuja Mei, nimpe maneno kwa maandishi. Bruchi nimeitia kwenye kifurushi pamoja na soksi alizokuwa anazifuma Mama, moja imeisha na nyingine imefika kisigino.

Cheti cha Daktari Amsden kinasema tarehe 8.

Mungu akutunze.

Eunice

*

Yuma
1 Desemba

Dada,

Bruchi na soksi nimepokea. Cheti sikukiuliza.

Siku gani?

M.

*

East Tunley
Jumapili, 10 Februari 1985

Marjorie,

Nimeanza barua hii mara nne tangu Krismasi. Tatu nimezitia motoni. Hii nitampa Wendell aipeleke posta mwenyewe, nisije nikabadilisha nia njiani.

Mama alifariki Jumamosi, tarehe 6, asubuhi, kama saa moja na nusu. Nilikuwa nimepanda na chai. Chini bekoni ilikuwa jikoni na watu kumi na wawili walikuwa wameshaanza kuvuta viti.

Nilikaa kitandani kwake. Sijui muda gani. Kisha nikasikia mtu anagonga kikombe na kijiko, ule utani wa wageni wakitaka kahawa, nikashuka. Marjorie, nilishuka nikamimina kahawa. Nikapeleka chapati. Bibi Kessler akaniuliza, "Mama yako hajambo? Hatujamwona mwaka huu." Nikamwambia, amepumzika. Akasema, "Mwambie tunamwonea wivu. Kuishi hapa mwaka mzima!" Nikamwambia nitamwambia.

Niliporudi jikoni nikamweleza Wendell. Alipanda, akafunika lile tundu la sakafuni kwa ubao ili joto lisipande, akafungua dirisha. Basi. Tukakaa hivyo mpaka Jumatatu saa tano, gari la mwisho lilipotoka. Ndipo nilipompigia Daktari Amsden, na baada yake wewe. Daktari alimtazama Mama, akanitazama mimi, akaandika nilichomwambia. Amekula mezani kwangu miaka ishirini.

Jumapili nilikwenda kanisani. Ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Mkate ulipopita nikaupokea, na tangu siku hiyo sijaupokea tena. Nakaa kiti cha nyuma, ukikaribia natoka kama mtu mwenye kikohozi.

Hayo ni ya Jumamosi. Kuna ya Alhamisi na ya Ijumaa. Alhamisi Daktari aliniambia ni siku chache tu. Nilikwenda ukumbini kukupigia, nikakuta bwana mmoja wa Boston ameshika simu anazungumza na mwanawe. Nikasubiri. Alipomaliza, kengele ya mlango ikalia. Sina maelezo mengine. Nilijiambia nitapiga kesho.

Na yale maneno, kwamba nisiharibu kifungua kinywa cha watu, Mama hakuyasema. Aliyasema zamani, kwa habari za Baba. Safari hii hakuyasema.

Alichosema ni hiki. Ijumaa alasiri nilikuwa nambadilishia shuka. Akanishika mkono.

"Eunice, nirudishe chumbani kwangu."

Nikamwambia, "Mama, kuna wageni."

"Wageni gani?"

"Kina Kessler, Mama. Wale wa New Jersey."

Akaniambia, "Waambie waende kwao."

Nikacheka, Marjorie. Nikadhani ananitania, kwa sababu nani mwingine aliyetunga sheria hiyo ila yeye? Nikamtandika vizuri, nikashuka kwenda kuwapokea mizigo. Walikuwa wameleta chupa ya mvinyo na maua.

Sikuombi unisamehe. Naomba ujue tu.

Eunice

*

Yuma
17 Machi 1985

Dada Eunice,

Nimepokea. Clifton hajambo. Mimi nimekaa na barua yako mwezi mzima kwenye mfuko wa aproni, nikipika iko pale, nikienda sokoni iko pale.

Nitakuambia nisilowahi kukuambia. Wewe ulikuwa umeolewa mwaka ule Baba alipofariki, ulikuja siku ya mazishi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nilikuwemo ndani. Siku mbili, Eunice. Baba yuko juu ya jiko, amekufa, na mimi nabeba sahani. Mama alinifunga aproni, akanifuta uso kwa pembe yake, akaniambia, "Hawa hawakuja kutazama matatizo yetu. Tabasamu." Nikatabasamu. Msichana mmoja wa rika langu, mgeni, akanisifia, akasema nina bahati kuishi mahali pazuri namna ile. Mwaka uliofuata niliondoka, na nyinyi nyote mkasema nimemfuata Clifton.

Kwa hiyo usidhani sielewi ulivyoshuka ngazi zile. Naelewa kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana siwezi kukuonea huruma. Mimi nilikuwa mtoto, nilifungwa aproni na mtu mwingine. Wewe ulijifunga mwenyewe.

Umesema huniombi msamaha, umesema nijue tu. Sasa najua. Kwa cheti sina la kufanya. Lakini jiwe liko chini ya mkono wako. Mama alikuwa na siku yake ya kufa, siku halisi, na wewe ulimhamisha hata kutoka humo ili wageni wapate nafasi. Mrudishie. Ukichonga 8, usiniandikie tena. Ukichonga 6, mji mzima utaona, watahesabu, watakuuliza. Nawe utawajibu.

Je, chumba cha mbele umeshawaandikia watu mwaka huu?

Marjorie

*

East Tunley
Jumapili, 2 Juni 1985

Mdogo wangu Marjorie,

Neema ya Bwana iwe nanyi. Tumepanda viazi. Goti la Wendell limemkataza kuinama, basi mimi nachimba na yeye anahubiri. Mchungaji Hodgdon amepata mjukuu wa kike, wa pili, na kanisa zima limeshamwona kwenye picha, wengine mara tatu.

Nianze na swali lako la mwisho, nisionekane nimelikimbia. Ndiyo. Kina Kessler waliandika majina yao ile Jumatatu asubuhi, Mama akiwa juu. Niliwapa kalamu mwenyewe. Mwezi Aprili nilichukua karatasi niwaandikie kwamba chumba hakitolewi tena. Nikaandika "Wapendwa Bwana na Bibi Kessler", nikashindwa kuendelea. Watakuja.

Sasa la jiwe. Fundi alikuja tarehe 14 Mei. Nilimpa karatasi imeandikwa 6 Oktoba 1984. Hakuuliza kitu, yeye hakumjua Mama. Wendell aliniuliza mara moja tu, "Una hakika?" Nikamwambia ndiyo. Nilikaa kwenye ukuta wa makaburini mpaka akamaliza, na kila pigo la patasi lilikuwa linanipiga hapa kifuani, lakini nilikaa.

Jumatatu iliyopita ilikuwa siku ya kuwakumbuka wafu, wote tukaenda makaburini na maua kama ilivyo desturi. Nilikuwa nimejiandaa, Marjorie. Nilifunga siku moja kabla. Nilikuwa na maneno yangu tayari, mafupi: alikufa Jumamosi, nikamficha kwa sababu ya wageni, nikamdanganya daktari na mdogo wangu na ninyi. Nilivaa gauni jeusi. Nilisimama kando ya jiwe tangu saa tatu, na sikusogea.

Wakaja. Watu walewale waliokuwa kwenye mazishi, walioniletea vyakula, waliojua kabisa kwamba kengele ya kanisa ya kutangaza kifo chake iligongwa Jumatatu. Akina mama wa kwaya wakaweka maua, mmoja akasema, "Herufi zimetoka vizuri." Mchungaji alisoma jina na tarehe kwa sauti, mwezi na siku, akaomba, akaendelea na kaburi la pili. Daktari Amsden alikuja peke yake. Alivua kofia, akavaa miwani, akainama kabisa kulisoma. Nikafungua mdomo. Akajiinua, akanishika mkono, akasema, "Fundi huyu ana mkono mzuri, Eunice. Wa Barre?"

Nikamwambia, wa Barre.

Akavaa kofia, akaenda.

Sijui kama aliona. Sijui kama yeyote aliona. Labda waliona wakanistahi, na kama ni hivyo basi ni ile adabu yetu ileile, na leo imenifunika mimi. Ningeweza kusema mwenyewe, bila kuulizwa. Nilikuwa nimeandaa jibu, sikuwa nimejiandaa kuanza. Saa sita watu wakawa wamekwisha.

Jumapili hii mkate ulipopita nilitoka tena.

Fundi alisema umemwandikia kumwuliza ni lini anamaliza, na yeye akakujibu. Kwa hiyo nilikuwa naitazama ile barabara, kila gari. Nilikuwa nimekutandikia chumba cha mbele. Watu mia nzima walipita mbele ya lile jiwe, Marjorie, na aliyekuwa na haja ya kulisoma ni mmoja tu, na hakuja.

Dada yako,
Eunice